Vitabu vya Akina Baba, Makasha ya Akina Mama

*Mhadhara kuhusu historia ya miji yetu, koo zenye majina, na vitu vya kale*

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya historia ya miji yetu, habari za koo kubwa, na vitu vya kale. Walioniita walidhani wamenipa mada tatu. Kwangu ni moja, kwa sababu katika pwani hii kitabu cha ukoo na vitu vya ukoo vilikaa nyumba moja, mara nyingi kasha moja. Tulipovitenganisha ndipo tulipoanza kudanganywa na vyote.

Tuanzie Kilwa. Wareno waliuvamia mji ule mwaka 1505. Haukupita muda mrefu, mtu mmoja ambaye hakutuachia jina lake akakaa chini akaandika kwa Kiarabu tarehe ya masultani wa Kilwa, akaiita *Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa*. Nakala iliyobaki ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikaangukia mikononi mwa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza, naye akaipeleka London, na huko ndiko iliko. Masimulizi yanayokaribiana nayo yalikuwa yamekwisha kuchapishwa Ureno mwaka 1552 na João de Barros. Kwa hiyo habari za Kilwa zimesomwa Ulaya kwa karne nne na nusu, na watoto wetu wa sekondari wengi hawajapata kuiona hata picha ya ukurasa wake.

Kisa chenyewe mnakijua. Sultani wa Shirazi anaondoka na wanawe sita kwa majahazi saba, kila jahazi linatia nanga mahali pake, na Ali bin Hasan anateremka Kilwa. Anamkuta mwenyeji wa kisiwa. Wanapatana bei, na bei ni nguo: nguo za kukizungusha kisiwa kizima. Kila nikifika hapa wasikilizaji hucheka, na wana haki. Jaribuni kukizungusha Kilwa Kisiwani kwa kaniki mwone mtaji wake. Lakini mwandishi hakuwa anachekesha. Alikuwa anaandika hati. Wareno wamekwisha kuingia, kiti cha usultani kinagombewa, na yeye anatuambia: ukoo huu haukupora mji, uliununua, na malipo yalitolewa mbele ya watu. Vitabu vingi vya koo ni vya namna hii. Msomaji anayeviendea kama magazeti ya zamani atapotea, kwa sababu viliandikwa kama ushahidi wa kesi, na shahidi ni mtoto wa mdai.

Je, tuvitupe? Wapo wasomi waliotaka hivyo. Walisema kisa cha Washirazi ni ngano tupu ya watu waliotaka asili ya mbali. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwaka 1958, hakufika huko, ila alihukumu kwamba ukoo wa Washirazi haukuanza kutawala kabla ya mwisho wa karne ya 12. Kitabu kinadai karne mbili tatu kabla ya hapo. Mambo yakakaa hivyo mpaka mwaka 1984, ilipofukuliwa akiba ya fedha Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za kigeni. Dinari hizo ndizo zilizotoa tarehe, maana zimepigwa mihuri ya miaka, na zinatupeleka karne ya 11. Na miongoni mwa majina kwenye zile sarafu ndogo limo la Ali bin Hasan. Hatuwezi kuapa kwamba ndiye yule yule wa kitabuni, majina hayo ni ya watu wengi. Ila kitabu kilikuwa kimetangulia mno na mchimbaji amechelewa mno, na kilichowasuluhisha ni vijisarafu ambavyo kila kimoja kinaweza kulala juu ya ukucha.

Likaja la pili, na hili ndilo lililonifanya niandae mhadhara huu. Mwezi Machi 2023 jarida la *Nature* lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, katika makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, na wengine wa bara. Profesa Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa walioufanya. Matokeo yake, kwa ufupi: katika wengi wa watu wa miji ile, upande wa kuumeni ulionyesha asili ya Asia, na kwa zile karne za mwanzo Asia hiyo ni Uajemi hasa. Upande wa kukeni, karibu wote ni Waafrika wa hapa hapa. Na kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000.

Wazee wetu waliokuwa wakisema "sisi Washirazi" walipata siku yao ya kutabasamu. Lakini uchunguzi huo huo umefungua ukurasa ambao kitabu hakikuuandika. Kitabu kimejaa mwana wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani. Mifupa inauliza: na mama? Masimulizi mengine ya Kilwa, yaliyoandikwa kwa Kiswahili wakati wa Wajerumani, yanakiri kwamba mgeni alimwoa binti wa mwenyeji. Binti huyo ndiye aliyeufanya ukoo uwe wa pwani, uzungumze lugha hii tunayozungumza sasa. Katika orodha ya masultani yeye ni daraja tu la kumvusha mgeni.

Tusiwaseme Kilwa peke yao. Sisi watu wa Tanga tunacho kitabu chetu, nacho kwa maoni yangu ndicho kitabu bora kabisa cha historia ya ukoo kilichowahi kuandikwa kwa Kiswahili: *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi. Kilitoka kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907 kwa msaada wa wamisheni wa Kiingereza waliokuwa na kituo chao Magila, kikachapishwa upya mwaka 1962. Mwandishi ni mtu wa pwani, Mwislamu, aliyeishi karibu na watawala wa Kilindi huko Usambara na kuzishuhudia fitina zao kwa macho. Anajua kusimulia. Mbegha, kijana wa Nguu, kigego aliyetangulia kuota meno ya juu, anadhulumiwa urithi wake, anaingia msituni na mbwa wake, anaua nguruwe wanaoharibu mashamba ya Wasambaa na kuwagawia nyama. Huko Vugha anaua simba usiku, kunakucha ni mfalme.

Nyama, simba, ufalme. Ni hati nyingine hiyo, na safari hii malipo si nguo. Ila kisome kitabu taratibu uone kinachopita chini kwa chini. Mbegha anapewa wake na wenyeji wanaompokea, na wana wanaozaliwa wanakwenda kutawala kwa wajomba zao. Ufalme mzima wa Kilindi ulishikwa na wajomba! Bila wale wanawake Mbegha angebaki mwindaji hodari, basi. Mwanahistoria Steven Feierman, ambaye kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilitoka mwaka 1974, hakuridhika na maandishi ya Abdallah peke yake. Alizunguka milimani akasikiliza wazee, wa Kilindi na wasio wa Kilindi, na habari zikapanuka. Ndiyo dawa ya kitabu cha ukoo: kisome, kisha nenda kwa jirani ambaye babu yake alitozwa kodi na ukoo ule.

Sasa nije kwenye vitu. Nitachukua kimoja, siwa ya Pate.

Siwa hii imehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Ni ya pembe za ndovu, urefu wake unazidi mita mbili, imetobolewa ndani na kuchongwa nje kwa nakshi. Haipulizwi kwa mwisho kama tarumbeta. Tundu lake liko ubavuni, na mpulizaji huishika kwa ubavu huku mdomo wa siwa umeelekezwa juu ya watu. Ililia kwenye arusi, tohara na mambo ya ufalme, na si kila mtu aliruhusiwa kuipuliza wala kupuliziwa. Aliyenyimwa siwa siku ya shughuli yake alikuwa ameambiwa mbele ya mji mzima kwamba yeye si chochote.

*Habari za Pate*, tarehe ya masultani wa ukoo wa Nabahani, ina kisa chake. Mwana Darini, mwanamke wa nyumba ya kifalme, alitaka kumfanyia mwanawe tohara. Akaomba siwa, akanyimwa. Hakulia wala hakwenda kumbembeleza mtu. Alimwita fundi, sharifu mmoja, akamtaka amchongee siwa yake mwenyewe, na ikachongwa. Shughuli ikafanyika, siwa ikalia, na watu wakawa wanakwenda kwake kuazima. Sijui kisa kingine katika tarehe zetu zote kinachompa mwanamke nafasi pana kiasi hiki, na tazameni alipitia mlango gani kuingia kitabuni. Utawala au vita havikumwingiza. Kilichomwingiza ni kitu. Siwa ilikuwepo, mjini wote wanaiona, na mwandishi hakuweza kuieleza bila kumtaja mwenyewe.

Kitabu hicho nacho kina misukosuko yake. Inasemekana nakala ya asili iliungua Witu, Waingereza walipoupiga mji ule mwaka 1890. Kilichobaki kilitoka kichwani mwa mzee mmoja wa ukoo, Muhammad bin Fumo Omari, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, na watu mbalimbali wakamwandika kwa nyakati mbalimbali. Stigand alichapisha masimulizi hayo kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner akafuata na matini ya Kiswahili muda mfupi baadaye, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva akazikusanya nakala zote katika kitabu kimoja. Zinapishana: mfalme huyu katawala miaka mingi hapa, michache pale. Wengine huona hiyo ni aibu. Mimi huona raha, maana nakala zinapopishana ndipo unapojua ni jambo gani lilikuwa bado linabishaniwa nyumbani.

Kwa nini kitu kinamkumbuka mwanamke kuliko kitabu? Jibu limo katika namna nyumba zetu zilivyorithiwa. Katika Lamu ya waungwana baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya ile ya mama yake, na mume ndiye aliyehamia. Jina la ukoo likaenda na mwanamume, nyumba ikabaki kwa mwanamke, na vilivyomo ndani vikabaki naye. Zile sahani za kauri kutoka China zilizopangwa kwenye zidaka zilikuwa ndani kabisa, upande wa akina mama. Kasha la njumu lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa pindoni mwa kanga ya bibi. Humo mlikuwa na dhahabu, udi, na pia makaratasi: hati ya wakfu, risiti ya shamba, msahafu ambao kurasa zake za mwanzo zimeandikwa nani kazaliwa lini na nani kafariki lini. Kumbukumbu za mababa zimelala karne nzima chini ya nguo za mabibi.

Kisha akaja mnunuzi wa vitu vya kale.

Sitaki kumfanya huyu shetani. Kuna wafanyabiashara wanaojua kitu na kukiheshimu kuliko mwenye nyumba, na kuna familia zilizouza mlango ili mtoto asome. Ninachowalaumu ni kukata ulimi wa kitu. Chukueni kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye nakshi za mfupa au pembe na maegemeo ya kamba zilizosukwa, alichokalishwa mgeni wa heshima au bwana arusi. Kikiwa nyumbani, bibi anakwambia: kilikuja na mama yangu alipoolewa, fulani alikikalia akakivunja mkono, ukatengenezwa. Kikifika dukani kinakuwa na maelezo mawili tu: ni cha kale sana, na kilikuwa cha sultani. Kama viti vyote vya sultani vilivyouzwa vingekuwa kweli vya sultani, watu wa baraza lake wangekosa pa kuweka miguu.

Na vingine ni vya juzi. Mbao hufukiwa ardhini, hupakwa chai, huning'inizwa jikoni zile moshi. Mnaotaka kununua, inameni mtazame chini. Kiti kilichokaliwa miaka mingi huliwa pale pa kuwekea miguu na kwenye mikono, pale watu wanapogusa. Kilichozeeshwa kwa hila huchakaa sawasawa kila mahali, hata mvunguni ambako hakuna aliyewahi kukaa. Na mkishakinunua msikisafirishe kiholela. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ipo tangu mwaka 1964, na kutoa kitu cha kale nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Hasara kubwa zaidi hata hivyo iko makaburini. Nendeni Tongoni, hapo kusini tu mwa mji wetu, kwenye makaburi ya nguzo. Mtaona vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwenye chokaa. Vilitiwa bakuli za kigeni, na bakuli hizo ndizo zinazomwezesha mtaalamu kukadiria umri wa kaburi. Nyingi zimeng'olewa. Aliyeng'oa alipata bakuli lililopasuka, ambalo thamani yake sokoni ni ndogo. Ukoo uliozikwa pale ulipoteza tarehe.

Niseme kidogo juu ya vitabu vya masheikh, maana wapo watakaoniuliza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, Mazrui, walioitawala Mombasa mpaka Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Ilichapishwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni kitabu cha mtoto wa ukoo, lakini mtoto aliyezoea kupima ushahidi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja alituachia *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika*, na ningekuwa na uwezo ningekigawa bure. Farsy haandiki ukoo wa damu peke yake. Anaandika nani kasoma kwa nani, na hapo mtoto wa mvuvi anakaa safu moja na sharifu kwa sababu wote walipiga goti kwa mwalimu mmoja.

Lipo jambo ambalo vitabu hivi vyote vinalipita kwa mbali, nami sitalipita. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na hapa Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1922! Wapo waliomo humu ndani ambao bibi zao walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Katika nyumba zile kubwa aliyetwanga, aliyenyonyesha, aliyechota maji na aliyebeba zile pembe kutoka bara hakuwa na ukoo kwa mujibu wa kitabu. Masuria waliwazalia mabwana watoto, na watoto wakapewa nasaba kamili ya baba, jina la mama likaishia jikoni. Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa misafara aliyejulikana kama Tippu Tip, alipotusimulia maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, alitaja wakopeshaji wake, masultani wa bara na Wazungu aliokutana nao. Wapagazi ni idadi. Sisemi kitabu chake kisisomwe. Mimi mwenyewe nimekisoma kwa furaha. Nasema mtu anayekaa leo kuandika historia ya ukoo wake asiurudie ukimya huo kwa kisingizio cha adabu. Najua ni vigumu. Kuna arusi zinavunjika kwa mambo haya mpaka sasa.

Na wengi mnaandika. Kila mwaka naletewa vijitabu vya koo vilivyopigwa chapa kwa michango ya familia, vina picha ya babu kwenye jalada na mti wa nasaba katikati. Ninavipokea kwa heshima. Ninachowaomba waandishi wake ni kidogo. Kila jina la mwanamume mlitilie pembeni jina la mama yake na mji alikotoka. Mkipata habari mbili zinazogongana, chapeni zote mbili na mtaje nani kasema ipi. Mahari, talaka na kesi za mashamba msizifiche, maana msomaji wa kesho atajifunza zaidi kwenye kesi moja ya minazi kuliko kwenye kurasa kumi za sifa. Na ukurasa mmoja muuache kwa vitu vya nyumbani: kasha limetoka kwa nani, sinia lilinunuliwa safari ipi, mlango ulichongwa mwaka gani kwa Hijria na umeandikwa nini juu yake.

Makaratasi yaliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu msiyatupe kwa kuwa hamna anayeyasoma nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mzima wa maandishi ya namna hiyo, sehemu kubwa yaliyokusanywa na J.W.T. Allen, na Nyaraka za Taifa kule Unguja zina wanaoyasoma kila siku. Si lazima muwape karatasi yenyewe. Piga picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, karatasi ikiwa imelala bapa. Usibandike gundi wala utepe wa plastiki palipochanika. Kamwulize bibi kabla ya kulifungua kasha, na muwe wawili, mmoja akipiga picha mwingine akiandika anayoyasema, kwa sababu hatayasema mara ya pili kwa mpangilio ule ule. Na kila karatasi igeuzeni mpige na nyuma yake. Mbele wazee wetu waliandika nasaba. Madeni waliyaandika nyuma.